Muulize Bibi Shamba: Kichaka kipya au shamba la zamani?

Barua za mwezi huu zimetoka Amani, Handeni, Lushoto na hapa hapa Tanga mjini, na karibu zote zinazungumzia miti inayoondoka na watu wanaoitegemea. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu maana najua walioko kwenye hali hiyo ni wengi.

*

*Shikamoo Bibi Shamba. Mi ni kijana niko milimani huku Amani, wilaya ya Muheza. Baba kaniachia shamba la iliki kama ekari mbili hivi, la tangu enzi za babu. Zamani tulikua tunavuna mpaka tunaita vibarua, saa hizi nikipata debe moja nashukuru. Baba mdogo ananambia niachane nalo nikafyeke kichaka kipya kule juu maana udongo wa msitu bado una nguvu. Moyo wangu unasita ila nina familia. Kwani kwa nini udongo wa msituni unazaa hivo halafu baada ya miaka michache unakufa? Na mi nifanyeje?*

Marahaba mwanangu. Baba yako mdogo hajakudanganya, kichaka kipya kitakupa iliki nzuri na miaka ya mwanzo utafurahi kweli. Ila hakukumalizia habari, kwamba na hicho nacho kitachoka, halafu utakua na mashamba mawili yaliyochoka na watoto ambao hawana tena pa kufyeka.

Fanya hivi kabla hujaamua. Chukua jembe nenda pale msitu unapoishia na shamba la mahindi linapoanzia, naamini unapajua maana kila kijiji huko kinapo. Chimba shimo la kufika goti upande wa msitu, halafu chimba lingine upande wa mahindi. Upande wa msitu utakuta juu majani makavu, ukiyafunua chini yake kuna majani yaliyooza yameshikamana na nyuzi nyeupe za kuvu na vijizizi vyembamba vimejaa mpaka unavikata kwa jembe, halafu unakuja udongo mweusi unaonukia vizuri, unene wake mara nyingi hauzidi kiganja. Basi. Chini ya hapo ni udongo mwekundu. Sasa njoo upande wa mahindi, ule mweusi haupo au umebaki kidogo sana, unaanza na mwekundu moja kwa moja. Yaani udongo wa chini ni uleule mmoja, tofauti yote iko kwenye kile kiganja cha juu.

Milima yetu ya Usambara Mashariki inapata mvua nyingi, Amani ni karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na mvua ya namna hiyo ikinyesha maelfu ya miaka inaosha chumvichumvi zote za udongo zinashuka chini na udongo unabaki na tindikali. Kwa hiyo msitu wa nchi za joto hauweki akiba yake ardhini sana, unaiweka kwenye miti yenyewe na majani yanayoanguka. Jani likianguka leo, kuvu na wadudu wanalifanyia kazi haraka na mizizi ya juu juu inachukua chakula kabla mvua haijakiosha, kinapanda tena mtini. Ni hivohivo Kongo, ni hivohivo Amazoni kule Brazili, watu wanaona msitu mnene wanadhani chini kuna utajiri usioisha. Ukifyeka na kuchoma, ile akiba yote inageuka majivu kwa siku moja. Majivu yanapunguza tindikali na yana potashi, ndo maana mazao ya mwaka wa kwanza na wa pili yanapendeza, ila naitrojeni nyingi imeshapaa na moshi na masika mbili tatu zinaondoka na yaliyobaki.

Iliki yenyewe ina ujanja wake ambao unawadanganya hata wataalamu wakitazama kwa mbali. Haipendi jua kali, inataka kivuli, kwa hiyo mkulima haangushi miti mikubwa, anafyeka tu vichaka vya chini na miti midogo anapanda iliki katikati. Ukisimama barabarani unaona msitu upo, kijani kitupu. Lakini kila palizi inang'oa miche ya miti iliyoota yenyewe, kwa hiyo mti mkubwa ukizeeka ukaanguka hakuna mtoto wake wa kushika nafasi. Iliki inaanza kuzaa kama mwaka wa tatu, ikifika miaka saba nane hivi inaanza kushuka, na ikishashuka mwenye shamba anaangusha ile miti ya kivuli auze mbao halafu anaweka mihogo na mahindi. Hapo ndo msitu umeisha, na uliisha taratibu sana mpaka hakuna aliyelia.

Na hicho kichaka cha kule juu, umeuliza ni cha nani? Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ilitangazwa mwaka 1997, ina hekta 8,380, na ukikutwa na panga humo hakuna wa kukutetea. Hata pale Derema, ambako wakulima wa iliki walikua wanalima miaka na miaka, walitolewa wakalipwa fidia ili misitu iungane, na waliolalamika kwamba fidia haikutosha walikuepo wengi tu, na mi nawaelewa kwa sababu shamba la viungo halilipiki kwa hela ya mara moja. Usijiweke kwenye njia hiyo kwa hiari yako.

Sasa shamba la babu. Halijafa, limeshinda na njaa miaka mingi tu. Usilifanye lote kwa mpigo, anza na robo. Ng'oa mashina makongwe ya iliki, yale yaliyojaa vikonyo vikavu katikati, halafu chukua machipukizi mapya kutoka kwenye mashina yenye afya (hakikisha hayana ugonjwa wa majani kuwa na mistari mistari ya njano) upande mwanzo wa masika kwenye mashimo uliyojaza mboji. Kila shimo debe zima la mboji, usiweke konzi moja ukasema umeweka. Panda kufuata kontua, yaani mistari inayokata mlima kwa usawa, usipande kushuka na mlima. Kwa kivuli tumia mgrivelia, unakua haraka, unapogoleka vizuri na baadae ni mbao yako halali. Katikati weka glirisidia: kata fimbo za urefu wa mita moja na nusu, nene kiasi cha kifundo cha mkono, chomeka wakati wa mvua, zinashika zenyewe. Glirisidia ni jamii ya kunde, inaleta naitrojeni, na kila ukiipogolea yale majani unayatandaza chini ya iliki, unakua umerudisha kile kiganja cheusi pole pole. Na kwenye hizohizo fimbo unapandisha pilipili manga. Hili la iliki na pilipili manga pamoja chini ya mgrivelia lilishajaribiwa huko huko Usambara Mashariki na mashamba mchanganyiko yakamlipa mkulima vizuri kuliko iliki peke yake ya mtindo wa zamani.

Miaka mitatu ya kusubiri utakula nini, najua ndo swali lako. Hizo robo tatu zilizobaki zinaendelea kukupa hilo debe, na kwenye robo mpya weka migomba na maharage pembeni. Halafu kuna hela unaiacha mezani: wengi huko mnavuna iliki ikiwa changa kwa kuogopa wezi, halafu mnaianika chini, inatoka na mchanga na rangi imepauka, dalali anakupangia bei anavotaka. Kubalianeni majirani mvune siku moja, ianikeni juu ya chanja, muuze pamoja. Debe lilelile moja litakupa hela nyingine kabisa.

*

*Bibi Shamba, mi ni mama wa Chumbageni. Masika ikianza maji ya bombani yanabadilika rangi. Naskia watu wanasema ni kwa sababu ya milima ya Muheza. Milima iko mbali hivo inahusika vipi na ndoo yangu?*

Mama yangu, inahusika moja kwa moja. Maji tunayokunywa Tanga mjini yanatoka bwawa la Mabayani, na Mabayani inajazwa na mto Zigi, na Zigi inaanzia kwenye hiyo misitu ya Amani. Kwa hiyo yule kijana wa barua ya kwanza na wewe mnatumia mlima mmoja, yeye juu wewe chini.

Msitu ukiwepo, tone la mvua linapigwa na majani, linapigwa tena na vichaka, linadondokea kwenye majani makavu na kuzama. Linakuja kutokea mtoni baada ya siku nyingi likiwa safi, ndo maana Zigi haikauki kiangazi. Ukifyeka mteremko, mvua inapiga udongo mtupu, inateremka na tope mtoni saa ileile, bwawa linajaa mchanga, na gharama ya kusafisha maji inapanda kwa mtu wa bomba yaani wewe. Miaka ya 2000 palitokea pia uchimbaji wa dhahabu kwenye mabonde ya juu huko Amani, watu walipasua kingo za vijito kwa machepe, na vijito hivyo ni vya mto huohuo.

Kinachonipa moyo ni kwamba wakulima wa bonde la Zigi na Kihuhwi wameunda umoja wao wa kulinda vyanzo, wanapanda miti na kuacha kulima kingo. Na mamlaka yetu ya maji hapa Tanga mwaka 2024 iliuza hatifungani ya kijani (yaani ilikopa kwa watu hela ya mradi wa mazingira kwa ahadi ya kuwarudishia na riba) ya shilingi bilioni 53.12 kwa ajili ya miradi ya maji, watu wakainunua yote. Rai yangu mi ni moja: sehemu ya hela ya maji iende juu mlimani kila mwaka, kwa utaratibu unaojulikana, imfikie mkulima aliyeacha mita zake za kingo bila kulima. Nchi ya Kosta Rika imekua ikiwalipa wenye mashamba kwa ajili ya msitu na maji tangu miaka ya 1990 na misitu yao imerudi. Kumwambia mtu mwenye njaa asilime kando ya mto bila kumpa kitu ni kumuonea.

*

*Habari yako bibi. Niko Handeni, nachoma mkaa. Kila redio nikifungua naambiwa mchoma mkaa ni adui wa nchi. Mkaa ndo umesomesha watoto wangu wawili. Mkinikataza mnanipa nini?*

Salama kaka. Mi sikuiti adui. Anayechoma ni wewe lakini anayepikia ni mtu wa Tanga na Dar, na mkaa usingekua na mnunuzi usingeuchoma. Mwaka 2006 serikali iliwahi kupiga marufuku mkaa nchi nzima, haikuchukua muda ikaondoa, maana miji haikua na kingine cha kupikia. Sasa hivi kuna mkakati wa kitaifa wa nishati safi ya kupikia, wa 2024 mpaka 2034, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwisho wake. Ni jambo zuri na mtungi wa gesi umeshaingia nyumba nyingi, ila kwa miaka hii ya kati mkaa bado upo na swali la kweli ni unatoka wapi na unachomwa vipi.

Hasara yenyewe ni kubwa kaka, nisikufiche. Tathmini ya misitu ya taifa ilikuta Tanzania Bara ina hekta milioni 48.1 za misitu, na hesabu ya mwaka 2018 ikasema tunapoteza hekta 469,420 kila mwaka. Si mkaa peke yake, kilimo cha kuhamahama ndo kinachukua sehemu kubwa, lakini mara nyingi mchoma mkaa anatangulia na mwenye ufuta au mahindi anafuata nyuma yake. Hapo katikati ndo msitu unakufa. Nyinyi wa Handeni mna miombo, ile misitu ya nchi kavu, na miombo ina baraka moja ambayo msitu wa Amani hauna kwa kiasi hicho: kisiki chake kinachipua. Ukiukata ukaacha kisiki chenye gome zima, ukauzuia moto na mbuzi na jembe, unarudi.

Kule Kilosa, Morogoro, vijiji vilifanya hivo kwa mpango kamili. Wakapima msitu wa kijiji, wakatenga eneo la mkaa, wakaligawa vipande vya mita 50 kwa 50, wanakata kimoja wanaruka kingine, na kipande kilichokatwa hakiguswi tena mpaka ipite miaka 24. Miti ya mbao na ya kando ya mito haikatwi kabisa. Ushuru unaingia kijijini, umejenga madarasa na zahanati kwa wenzenu. Na haya yanaruhusiwa na sheria, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002 zinakiruhusu kijiji kuwa na hifadhi yake ya msitu na kubaki na mapato yake.

Kwa hiyo safari yako inaanzia kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Uliza kama kijiji kina mpango wa matumizi bora ya ardhi, kama hamna, wachoma mkaa muungane muudai, msikae pembeni mkisubiri wawaandikie wengine. Na kwenye tanuru: kausha magogo kwanza wiki kadhaa, yapange yabanane, madogo yakijaza nafasi za makubwa, weka udongo usio na mashimo na uchunge usiku na mchana. Tanuru la kienyeji lililojengwa ovyo linaweza kula kilo kumi za kuni kukupa kilo moja ya mkaa. Ukilijenga vizuri unapata magunia zaidi kwa miti ileile.

*

*Bibi, nataka kupanda mikaratusi shambani kwangu Lushoto maana nguzo zina soko. Chini kuna chemchemi, jirani ananikataza. Ana haki?*

Ana haki tena kubwa. Mkaratusi unakunywa maji sana na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka kingo za mito, mabwawa na fukwe zisifanyiwe shughuli za kuharibu. Peleka mikaratusi juu kwenye mgongo mkavu, kule itakufaa. Kando ya chemchemi acha mikuyu na migombamwitu iliyoota yenyewe, na kama haipo panda mikuyu.

*

*Salaam Bibi Shamba. Mi mkulima wa kahawa milimani huku Lushoto. Wamekuja watu na simu wanapiga pointi za GPS kwenye mashamba, wanasema Ulaya hawatanunua kahawa bila hiyo. Sisi wazee tunaogopa, isije kuwa ni njia ya kutunyang'anya ardhi. Na kwa nini Ulaya wajali msitu wetu?*

Wa alaykum salaam. Hofu yako ina maana, mtu akija na simu akapima shamba lako bila kueleza kitu, yeyote angeshtuka. Ila jambo lenyewe lipo. Umoja wa Ulaya mwaka 2023 ulipitisha sheria kwamba kahawa, kakao, mafuta ya mawese, mpira, soya, ng'ombe na mbao zisiingie sokoni kwao kama zimetoka kwenye ardhi iliyofyekwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Kuanza kwake kumeahirishwa zaidi ya mara moja lakini wanunuzi wanajiandaa. Shamba dogo lisilozidi hekta nne linatakiwa pointi moja tu, yaani alama moja ya mahali lilipo, si kuchorwa mipaka yote. Wanailinganisha pointi na picha za satelaiti waone kama mwaka 2020 palikua na msitu. Kwa hiyo kahawa yako ya miaka ishirini chini ya migrivelia na migomba, wewe si wa kuogopa, wa kuogopa ni aliyefyeka juzi. Viungo kama iliki na karafuu havimo.

Kwa nini wajali? Ukweli ni kwamba sehemu ya misitu ya nchi za joto inaanguka kwa ajili ya vitu vinavyosafirishwa, soya na nyama kutoka Amerika ya Kusini, mawese kutoka Indonesia na Malaysia, kwa hiyo mlaji naye ana mkono wake. Na tumeona kwamba soko likibana na serikali ikibana, inawezekana. Brazili mwaka 2004 walipoteza kilomita za mraba 27,772 za Amazoni. Wakaanza kufuatilia kwa satelaiti karibu siku kwa siku, benki zikanyima mikopo wafyekaji, wafanyabiashara wa soya 2006 wakakubaliana kutonunua soya ya mahali msitu ulipofyekwa upya, hifadhi zikaongezwa, na mwaka 2012 ikashuka mpaka 4,571. Halafu usimamizi ukalegezwa na 2021 ikapanda tena zaidi ya 13,000.

Mi lawama yangu kwa hiyo sheria ni kwamba gharama ya kupiga pointi na kutunza kumbukumbu inaweza kumuangukia mkulima wa ekari moja, na hilo lisikubalike. Gharama iwe ya mnunuzi. Nenda na wazee wenzako kwenye chama chenu cha msingi, mwambieni katibu aitishe kikao na hao wapigaji wa pointi waje waeleze mbele yenu data inakwenda kwa nani. Ombeni nakala iliyochapishwa, kila mmoja aone pointi yake imeangukia shambani kwake na jina lililoandikwa ni lake, maana pointi ikiangukia msituni kwa bahati mbaya, mita hamsini tu, kahawa yako itakataliwa na wewe hujakata mti. Na muandikishane kwenye muhtasari wa kikao kwamba pointi ni ya kuuzia kahawa tu, haigusi umiliki wa ardhi. Kama shamba bado halina hati ya hakimiliki ya kimila, hiyo nayo iombeni kijijini mwaka huuhuu.